Nilimwambia awahi

Alhamisi tarehe 15 Agosti 2024, saa tisa na kitu mchana, simu ikatetemeka juu ya kaunta nikiwa nimeshika kichwa cha kebo nataka kukibana. Picha tu kutoka kwa dogo mmoja anayeniomba ushauri, hakuna salamu wala neno. Karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili imewekwa juu ya paja, nyuma yake unaona kiti cha daladala kilichochanika. Juu jina lake, chini asilimia za sehemu sita, katikati lile neno ambalo kila aliyewahi kulipia mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, analiogopa.

Amefeli.

Nikaandika "pole sana dogo". Nikafuta. Nikaandika "usijali utarudia", nikafuta na hiyo. Mwisho nikatuma "nimeona", yaani neno la kijinga kuliko yote yaliyokuwepo, afu nikarudi kubana kebo yangu na nikapanga rangi vibaya, chungwa nikaiweka pa kijani, kitu ambacho sijakosea tangu niko chuo.

Sasa hivi ni wiki ya sita. Mabibo yameanza kudondoka huku kwetu Mtwara, vumbi la Septemba limejaa dukani, watu wanaongelea bei ya korosho itafunguaje msimu huu, na mimi bado nawaza karatasi ya mtu mwingine. Sio kwamba amefeli, watu wanafeli kila siku, mi mwenyewe nilifeli 2021 nikalala siku mbili.

Ni kwamba ile tarehe hakuichagua yeye. Niliichagua mimi.

Mei ile

Mnaikumbuka Mei ile. Kimbunga Hidaya kikapita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, mabasi yakalala njiani na abiria wao, wengine wakaanza kuzungukia Tunduru na Songea kama wanakwenda nchi nyingine. Hatujakaa sawa, Jumapili ya tarehe 12 kebo za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu, Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kuomba. Dukani kwangu watu walikuja na simu zao nizitengeneze, nawaambia simu haina tatizo, tatizo liko baharini, wanacheka wakidhani nawakwepa.

Katikati ya hapo ndo dogo akaja na habari yake. CCNA inabadilika. Namba ya mtihani inabaki 200-301 lakini vesheni inatoka 1.0 inakwenda 1.1 kuanzia tarehe 20 Agosti 2024. Anayefanya tarehe 19 anakutana na ya zamani, anayefanya kesho yake anakutana na mpya. Hakuna wiki ya katikati.

Alikuwa amekaa kwenye lile benchi la nje, daftari lake la jalada gumu magotini, amefika mwanzo wa OSPF, mada ya jinsi ruta zinavyoambizana njia. Alikuwa amesoma miezi mitano kwa bando za usiku na Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, kwenye laptopu ambayo betri yake haishiki chaji hata dakika kumi, umeme ukikatika na yeye anakatika.

"Kaka, nisubiri hiyo mpya au niwahi hii?"

Sikufikiri hata sekunde. Nilimjibu kabla hajafunga mdomo.

"Wahi. Mi najua kinachomkuta mtu akichelewa."

Akafunga daftari, akasema sawa kaka, akaenda kutafuta hela.

Kinachomkuta mtu akichelewa

Hapa inabidi nijieleze, japo kujieleza kwenyewe ndo kulinifanya nianze kujishtukia.

Mimi na hizi vesheni tuna historia. Nilianza kusomea 200-120, CCNA ya wakati huo, nikiwa na kitabu cha fotokopi ambacho kurasa za katikati zilikuwa zimefifia, nikameza Frame Relay yote, ile teknolojia ya zamani ya kuunganisha matawi, na namba zake za DLCI, nachora ramani za matawi ya benki ambayo hayapo. Agosti 2016 ule mtihani ukafa, ukabaki 200-125, na Frame Relay ikatolewa. Sikuumia sana, nilikuwa sijalipa hata senti.

Iliyoniuma ni iliyofuata. Zamani uliweza kuichukua CCNA nusu nusu, ICND1 kwanza, ukiipata unapewa cheti kidogo cha CCENT, baadaye unamalizia ICND2. Kwa watu kama sisi hiyo ilikuwa afadhali, unalipa nusu leo nusu mwakani. Nikaipata ICND1 mwaka 2018. Nikaenda nayo kifua mbele miezi kadhaa, hata mashemeji walijua. Juni 2019 ikatangazwa kwamba mwisho wa zote hizo ni tarehe 23 Februari 2020, kesho yake inaanza CCNA moja tu mpya, mtihani mmoja, na ile nusu yako kama hujaimalizia haikusaidii kitu kwenye mpya.

Nilikuwa na miezi nane. Hela ya ICND2 nilikuwa nayo kufikia Desemba. Januari mama akaugua, hela ikaenda hospitali. Sijutii hata shilingi, mama yupo anapika mpaka leo. Ila usiku wa ile Jumapili ya tarehe 23 nilikaa ufukweni Shangani mpaka saa sita nikiangalia taa za meli bandarini, nikihesabu miaka. EIGRP, itifaki nyingine ya njia, niliyokuwa nimeikunjakunja mpaka nikawa naiota ikaondolewa. RIP, itifaki mwenzake, ikaondolewa. CCENT yenyewe ikaondolewa. Mwezi mmoja baadaye korona ikaingia nchini na kila kitu kikasimama.

Ndo maana nilimjibu haraka vile. Aliyemjibu alikuwa yule mtu wa ufukweni.

Yeye aliniuliza habari za 2024, mi nikamjibu za 2020.

Laki saba na themanini

Mtihani ulikuwa dola 300. Kwa dola ya Mei ile ni kama laki saba na themanini, hapo hujaweka nauli, hujaweka pa kulala Mbagala, hujaweka chai. Kuna njia ya kufanyia nyumbani kwa kamera, lakini unatakiwa chumba kimya, umeme usikatike, intaneti isitetereke, na msimamizi anakuona muda wote. Tulijadili tukacheka. Nyumba yao ina jogoo, ina wadogo zake wanne, na umeme tunaujua. Akaamua Dar.

Mama yake anauza vitumbua na samaki wa kukaanga jirani na soko. Akatoa kwenye kikoba. Baba mdogo wake wa Tandahimba akatoa kilichobaki cha korosho za msimu uliopita. Dogo mwenyewe akauza simu yake kubwa akabaki na ya kitochi na ya kuazima.

Na mimi? Mi nilitoa ushauri.

Afu kuna kitu hakikuniingia akilini mpaka nilipoiona ile picha. Ukifeli mtihani ule lazima usubiri siku tano, zinaanza kuhesabiwa kesho yake. Yeye kafanya tarehe 15, kwa hiyo 16, 17, 18, 19, 20 zote zinaliwa. Hata kama usiku ule tungepita nyumba kwa nyumba Chikongola nzima tukachanga laki nane nyingine, asingeweza kurudia vesheni aliyoisomea. Nilimpanga kwenye siku ambayo akiteleza, mlango umeshafungwa nyuma yake. Mtu anayejisifu anajua kinachomkuta anayechelewa hakuhesabu siku tano.

"Alikuwa anakimbia nini?"

Alirudi Jumamosi. Hakuja dukani. Jumapili hakuja. Kwenye grupu letu la wasapu akawa anasoma meseji hajibu. Mi nikajiambia anapumzika, kumbe namkwepa na mimi, nilikuwa nafunga mapema.

Wiki ya pili mama yake akapita na beseni kichwani, akalitua kwenye benchi lilelile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Hujambo."

"Sijambo mama, habari za huko?"

"Nzuri. Mwenzio hali chakula vizuri." Akanyamaza kidogo akijifunga khanga upya. "Eti fundi, huo mtihani mpya waliouleta, umekuwa mgumu zaidi ya ule?"

Nikajibu kwa mazoea tu, kama mtu anayemtuliza mteja. "Hapana mama, sio mgumu zaidi. Umebadilika kidogo tu."

Akaniangalia.

"Sasa kama umebadilika kidogo, alikuwa anakimbia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, kama anavyouliza mtu asiyeijua kazi yako. Akaniachia vitumbua vitatu, nikataka kulipa akakataa, akajitwika beseni akaondoka. Vitumbua vilikaa pale mpaka jioni, nikampa mlinzi wa jirani.

Dakika arobaini

Usiku ule nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kukifanya Mei, kabla sijafungua mdomo. Nikashusha orodha mbili za mada, ya 1.0 na ya 1.1, nikaziprinti zote, nikazilaza juu ya kaunta nikachukua peni nyekundu. Sijawahi kufanya hivyo maisha yangu yote, na nimepita vesheni nne. Siku zote nilikuwa nasoma maneno ya watu kuhusu mabadiliko, video za "usichelewe", na wale jamaa wa kwenye magrupu ambao vesheni ikikaribia kufa wanauza maswali kama nyanya za jioni.

Dakika arobaini, nikamaliza.

Sehemu kuu sita ni zilezile. Msingi wa mtandao asilimia 20, kuunganisha vifaa kwenye mtandao 20, njia za IP 25, huduma za IP 10, usalama 15, otomesheni 10. Kwenye otomesheni, zana za Puppet na Chef zimetoka, Terraform imeingia ikakaa na Ansible. Akili bandia imeingia, ujue inavyotumika kwenye kuendesha mtandao, kwa maelezo tu, sio useti kitu. Kwenye spanning tree, ile inayozuia luupu kwenye mtandao wa swichi, wametaja kwa majina kinga zake, root guard, loop guard, na ndugu zao wa BPDU. Kulinganisha usimamizi wa zamani na ule wa DNA Center ya Cisco kumeondolewa, usimamizi wa vifaa kwa njia ya klaudi umetajwa. Kuna neno hapa na pale.

Basi.

Peni nyekundu iligusa mistari michache nikaweza kuihesabu kwa vidole. Mtu mwenye miezi mitano ya kusoma, hivyo vipya angevimaliza kwa wiki mbili na bando za wiki mbili. Ile ya 2020 ilikuwa nyumba imevunjwa ikajengwa nyingine, hii ya 2024 wamebadilisha bati mbili na kitasa. Namba yenyewe ya mtihani haikubadilika! Na mi nikampigia mtoto wa watu kengele ya moto.

Kilichonichekesha kwa uchungu ni Puppet. Dogo alikuwa ameikariri mpaka porti yake, 8140, alikuwa ananitajia akipita tu barabarani kama salamu, "kaka, 8140!" Siku tano baada ya pepa yake hiyo kitu haipo tena kwenye orodha. Alibeba mzigo mpaka Dar ambao wenyewe walikuwa wanautupa.

Nina rafiki yupo Lindi mjini, yeye alikuwa anasomea Network+, cheti cha mitandao cha CompTIA. Kule mwaka huohuo wa 2024 nao walibadilisha, N10-009 ilianza tarehe 20 Juni lakini ile ya zamani, N10-008, iliendelea mpaka 20 Desemba, miezi sita zote zikawa mezani unachagua. Yeye alichukua orodha zote mbili akaangalia amebakiza nini, akachagua ya zamani, akafaulu Julai. Nikampigia kumuuliza alijuaje. Akaniambia, "Sikujua kitu, nilipima tu nipo ukurasa wa ngapi."

Nipo ukurasa wa ngapi. Dogo Mei alikuwa mwanzo wa OSPF. Sikumuuliza. Hilo tu.

Tisini, mia na kumi, mia na ishirini

Nikamfuata kwao. Ilikuwa jioni, wanaangua madafu nyuma ya nyumba, akaniona akasimama na panga mkononi nikasema leo naumia. Akacheka. Kile kicheko kikaniondolea kama kilo ishirini.

Nikamwomba ile karatasi. Otomesheni alikuwa na 80, eneo lilelile nililokuwa naliogopa kwa ajili ya mabadiliko. Usalama vizuri tu. Njia za IP, ile sehemu yenye asilimia 25, alikuwa na 36.

Yaani alianguka kwenye kitu ambacho hakijabadilika.

Nikachukua risiti mfukoni nikaandika nyuma yake. Ruta inazo njia mbili. Moja ni static, yaani ya kuandikwa kwa mkono, 10.10.5.0/24, inapitia A. Nyingine imeletwa na OSPF, 10.10.5.64/26, inapitia B. Paketi inakwenda 10.10.5.70. Itapita wapi?

"A," akasema palepale.

"Kwanini?"

"Static AD yake ni 1, OSPF ni 110. Ndogo inashinda." Akaendelea kama anasoma dua, "connected sifuri, static moja, EIGRP tisini, OSPF mia na kumi, RIP mia na ishirini."

Zote sahihi. Ametaja mpaka za itifaki ambazo kwenye mtihani wenyewe huulizwi kuziseti. Na jibu si sahihi, kwa sababu hiyo AD, namba ya kupima njia ipi inaaminika zaidi, inaingia pale tu ambapo njia mbili zinaelekea mtandao uleule wenye prefiksi ileile, ile namba ya baada ya mkwaju, hapo ndo ruta inauliza namuamini nani. Kama prefiksi zinatofautiana ruta haiulizi hata, njia zote mbili zinakaa kwenye jedwali, na paketi inafuata ile yenye prefiksi ndefu zaidi. 70 ipo kati ya 64 na 127, basi /26 inaichukua. Inapita B.

Akakataa. Tukabishana. Mi nikaona maneno hayaingii, nikamwambia hivi, umeshuka stendi unamtafuta bibi mmoja. Kuna mzee wa heshima zake, kila mtu anamwamini, anakwambia bibi huyo yupo Mtwara hiihii. Kuna kijana wa bodaboda, humjui, anakwambia bibi yupo Mikindani, karibu na lile Boma la zamani, nyumba ya pili. Utamfuata nani?

"Wa bodaboda."

"Mzee si ndo unamwamini zaidi?"

"Ndio, lakini mzee hajanielekeza kitu kaka, Mtwara kubwa."

Akaiangalia ile risiti muda mrefu. Panga limelala, dafu linavuja.

"Daah," akasema. Afu akaniangalia kwa pembeni, na cheko limeshaanza kwenye midomo. "Kwa hiyo kaka, Mei wewe ulikuwa static."

Sikuwa na la kujibu. Mama yake alikuwa anapuliza moto akauliza mnacheka nini, tukashindwa kumweleza.

Na kama angefaulu?

Hili ndo linanisumbua kuliko yote na ndo limenifanya niandike.

Kama tarehe 15 Agosti picha ingekuja na lile neno lingine, mi leo ningekuwa shujaa. Ningeposti. Ningewaambia vijana wote wa hapa mjini sikilizeni wakubwa, wahini, na ushauri ungekuwa uleule mbovu, umetoka mahali palepale, ila umebahatika. Na ningempa mwingine. Hilo wazo linanitisha, maana nimekaa hapa dukani miaka mingi watu wananiita fundi, wengine mwalimu, na sijui mara ngapi nimejibu swali la mtu kwa kidonda changu afu mambo yakaenda sawa, nikadhani najua.

Upande mwingine najiambia asingekuwa na tarehe asingesoma kabisa. Ni kweli, kuanzia Juni alisoma kuliko miezi yote ya nyuma, nilimuona, macho mekundu. Tarehe inasukuma. Ila nikiangalia daftari lake la Juni na Julai naona kilichotokea: maandishi yanazidi kuwa madogo na ya haraka, michoro inaisha, zinabaki orodha. Januari alikuwa anachora ruta tatu na kuandika "kwanini?" pembeni. Julai hakuna hata "kwanini" moja. Ni namba tu, porti, AD, taimer. Alianza kukariri kwa sababu muda wa kuelewa nilikuwa nimeshamnyang'anya.

Sitaki kusema kuwahi ni vibaya. Rafiki yangu wa Lindi kawahi na kafaulu. Mi 2020 ningewahi ningeokoa nusu yangu, ile ilikuwa ya kuwahi kweli, ungeuza hata kitanda. Sijui niseme nini zaidi hapo.

Afu na mimi yangu inaisha. Nilifaulu 2022, inadumu miaka mitatu, 2025 inanidai. Naweza kukusanya pointi 30 za kujiendeleza kwa kusoma kozi zao, au nifanye pepa upya, na pepa ni hiyohiyo 1.1 yenye mistari yangu myekundu. Zile orodha mbili bado ziko chini ya kioo cha kaunta. Wateja wanazisoma wakisubiri fotokopi, mmoja akaniuliza kama ni matokeo ya darasa la saba.

Swichi ya mezani

Dogo hajalipia tena. Hajapanga tarehe na mi sijamuuliza. Baba mdogo kasema msimu ukifunguka vizuri ataangalia. Kikoba kinazunguka kwa zamu, zamu ya mama ni mwakani.

Ila kila jioni anakuja. Nina swichi mbili za zamani, 2960, nilizinunua mtumba, moja feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Tunazilaza mezani tukifunga duka, anaziharibu, anazitengeneza. Juzi alichomeka kebo moja huku na huku akanikatia mtandao wote wa duka makusudi, anataka kuona luupu inavyokuwa spanning tree ikizimwa. Taa zote zikawaka kama harusi. Nikamfokea, afu nikakaa kuangalia na mimi, maana ni kweli sijawahi kuiona ikitokea taratibu namna ile nikiwa sina mteja anayenipigia kelele.

Jana saa nne usiku akanitumia picha. Nilipoiona ni picha mkono ukasita kidogo.

Ilikuwa ukurasa wa daftari. Swichi tatu kwenye pembetatu, zimechorwa kubwa, kwa rula. Mshale mmoja mwekundu. Pembeni kwa peni ya bluu: "kwanini?"

Na chini yake meseji: "Kaka root guard nimeelewa, naiweka porti ambayo sitaki huko kutokee root. Sa loop guard, naiweka porti ipi na inaokoa nini ambacho spanning tree yenyewe haioni?"

Root guard nilikuwa naijua. Loop guard nilishaisahau. Nilianza kuandika jibu, la haraka, lenye sauti ya fundi. Nikalisoma. Nikafuta.

Nikaandika: "Sikumbuki. Kesho njoo na ile kebo ndefu tuiangalie."

Akajibu na dole gumba, afu baada ya dakika moja akaongeza, "8140", na vicheko vitatu.